Babu wa Geti na Nafasi ya Msimamizi

Fomu ilirudi mezani kwangu ikiwa na duara jekundu mahali pamoja tu, penye nafasi ya jina la msimamizi. Mwanafunzi wangu, kijana wa miaka 16 ambaye mama yake ni Mkorea na baba yake ni Mholanzi, alikuwa ameomba kujifunza bao kwa muhula mzima, na katika nafasi ile aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Babu wa geti". Ofisi ilikuwa na maswali mawili. Jina kamili la huyo Babu ni nani, na anwani yake ya barua pepe ni ipi? Swali la pili niliweza kulijibu papo hapo, kwa kuwa nilijua kwamba Babu anatumia simu ya kitochi. La kwanza lilininyamazisha. Nilikuwa nimefundisha katika shule ile kwa miaka 6, nikipita pale getini asubuhi na jioni, nikimwamkia na kuitikiwa marahaba, na jina lake nilikuwa silijui.

Shule yenyewe siitaji. Itoshe kusema kwamba ni shule ya kimataifa ya kutwa jijini Dar es Salaam, nami nilikuwa nikifundisha Kiswahili na wakati huohuo nikiratibu shughuli za nje ya darasa za wanafunzi wa madarasa mawili ya juu. Wanafunzi hao husomea Diploma ya IB (International Baccalaureate), shirika la elimu lililoanzishwa Geneva mwaka 1968, na Diploma hiyo haitolewi kwa alama za mitihani peke yake. Kwa muda usiopungua miezi 18 kila mwanafunzi hutakiwa kushiriki mfululizo katika mambo ya aina tatu, yaani ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, huku akitunza kumbukumbu za alichofanya na alichojifunza, na ndani ya muda huo awe na mradi mmoja wa kushirikiana unaodumu angalau mwezi mzima. Zamani ilikuwa ni kuhesabu saa, jumla yake 150, na walimu wakongwe husimulia jinsi wanafunzi walivyokuwa wakizisaka saa hizo mwishoni mwa mwaka kama kondakta anavyosaka chenji. Hesabu ya saa imekwisha kuondolewa. Fomu zimebaki.

Ili kueleza kwa nini duara lile jekundu lilinikera, sina budi kurudi nyuma kidogo. Wazo la kwamba shule ni zaidi ya darasa lina wazee wengi, lakini katika shule za kimataifa jina linalotajwa sana ni la Mjerumani Kurt Hahn, aliyeanzisha shule ya Salem mwaka 1920, akakimbia utawala wa Hitler na kuanzisha Gordonstoun huko Scotland mwaka 1934, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa Atlantic College, iliyofunguliwa mwaka 1962 katika ngome ya kale kwenye pwani ya Wales. Pale Atlantic, huduma haikuwa kuwapelekea watu zawadi na kupiga nao picha. Wanafunzi waliendesha boti za uokoaji baharini, na aliyekuwa akizama hakuwa na haja ya kuulizwa kama anahitaji msaada. Hata hizi boti ngumu zenye kingo za kujazwa upepo, ambazo leo zinatumiwa na waokoaji duniani kote, chanzo chake ni karakana ya wanafunzi na walimu wa chuo kile. Kutoka Atlantic likakua kundi zima la vyuo vya UWC (United World Colleges), na tangu mwaka 2019 kundi hilo lina chuo hapa kwetu, UWC East Africa, chenye kampasi Moshi na Arusha, ambacho kabla ya hapo kilikuwa ni International School Moshi, shule iliyoanzishwa mwaka 1969 jirani na hospitali ya KCMC. Watu wa kule huwataja wanafunzi wao kwa safari za milimani, na mimi nawaonea wivu kwa jambo moja. Kilimanjaro ina mita 5,895, sheria za hifadhi haziruhusu mtu kuipanda bila mwongozaji, na mtoto anayetapika pale Kibo usiku wa manane hujua bila kuhubiriwa ni nani mwalimu na ni nani mwanafunzi, hata kama baba yake ni balozi.

Sisi wa Dar es Salaam hatuna mlima. Tuna foleni, na ni foleni iliyotuletea bao.

Kijana wangu alikuwa akikaa Mbezi Beach, na gari la kwao lilikuwa likichelewa kila siku kwa saa nzima au zaidi. Wenzake waliongojea magari walijikusanya maktaba, kwenye kiyoyozi na intaneti. Yeye alitoka nje kununua maji ya madafu, akawakuta madereva wameketi chini ya mkungu ulioko kwenye maegesho, wamelizunguka bao, na Babu aliyemaliza zamu yake ya mchana amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akicheza na dereva wa basi namba tatu. Alisimama pale kwa wiki mbili bila kusema neno. Wiki ya tatu alimwuliza Babu kwa Kiswahili cha darasani, sentensi kamili kabisa, kwa nini alikuwa ameziacha kete nyingi katika shimo moja la mraba ilhali angeweza kuzitumia. Babu, kama alivyonisimulia baadaye, alijua siku hiyo kwamba mtoto yule hakuwa anatazama tu, kwa sababu alikuwa ameuliza habari za nyumba, ndilo jina la shimo lile.

Kwa asiyelijua bao la Kiswahili, ubao wake una safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kila mchezaji ana safu zake mbili. Kete ni 64, na zilizo nzuri ni mbegu za mkomwe, ngumu na zenye rangi ya kijivu, zinazoteleza vidoleni kama mawe ya mtoni. Mchezo hauanzi na kete zote ubaoni. Kila mmoja huanza na 10, sita zikiwa ndani ya nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 zinabaki mkononi akiingiza moja moja, hatua ambayo huitwa kunamua. Zikiisha za mkononi ndipo mchezo unapoingia katika mtaji, na hapo mwenye akili fupi huonekana. Mchezaji ana kula na ana kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, ana vichwa na kimbi, yaani mashimo ya miishoni mwa safu, na juu ya yote, katika hatua ya kunamua, ana uamuzi unaojirudia ambao kwa maoni yangu ndio roho ya mchezo: kete yako ya mwisho ikiangukia ndani ya nyumba yako mwenyewe baada ya kula, unaweza kulala, yaani kuishia hapo ukaihifadhi nyumba, au kusafiri, yaani kuivunja na kuzisambaza kete zake zote mbele. Wachezaji wazuri hupiga hesabu ya mizunguko mingi kabla mkono haujashuka. Nimeketi na walimu wa hisabati wenye shahada mbili wakashindwa kuufuata mkono wa Babu kwa macho.

Hilo ndilo kijana alilotaka kujifunza, na kwa maoni yangu lilitimiza masharti yote ya ubunifu yaliyoandikwa katika mwongozo. Ofisi haikukataa mchezo, na ni haki niseme hivyo. Ilikataa msimamizi. Kwanza, msimamizi lazima apokee barua pepe ya kuthibitisha mahudhurio na kuandika maoni yake katika mfumo wa kompyuta. Pili, mlinzi ni mwajiriwa wa kampuni ya ulinzi wala si wa shule, kwa hiyo hajapitia semina ya ulinzi wa watoto ambayo kila mtu mzima anayefanya kazi na wanafunzi anapaswa kuipitia. Tatu, mlinzi akiwa lindoni hachezi. Hoja ya pili ilikuwa nzito na niliikubali bila ubishi. Ya tatu ilikuwa kweli lakini haikuhusu, maana bao lilichezwa baada ya zamu. Ya kwanza ilikuwa upuuzi. Nikapendekeza yule yule aliyekuwa akicheza na Babu, dereva wa basi namba tatu, ambaye ni mwajiriwa wa shule na semina alikwisha kuipitia, awepo kila mara, Babu naye apitishwe semina, na maoni yake ya msimamizi niyaandike mimi akinisomea kwa mdomo.

Semina ilikuwa kwa Kiingereza. Tukaifanya upya kwa Kiswahili mchana wa Jumamosi, na waliohudhuria hawakuwa Babu peke yake: walikuja wapishi, wafagizi, watunza bustani na akina dada wanaosindikiza watoto katika mabasi, watu 31 kwa hesabu yangu, baadhi yao wakiwa na miaka zaidi ya 15 pale shuleni. Mwenye semina aliuliza kama kuna swali, na mama mmoja wa jikoni akasema kwamba yeye tangu zamani anawajua watoto wasiokula, anawajua wanaomwaga chakula kwa siri na wanaobeba mikate mfukoni, ila hakuwahi kuambiwa kwamba hilo ni jambo la kumweleza mtu. Sijaisahau siku ile. Nililiona jambo ambalo sikuwa nimelitafuta: habari nyingi zilizokuwa zikizungumzwa katika vikao vyetu kuhusu ustawi wa wanafunzi zilikuwa zimekaa jikoni miaka yote hiyo, zikingoja kuulizwa kwa Kiswahili.

Mimi nimekulia katika shule ya bweni ya serikali mkoani Tabora, na huenda hiyo ndiyo sababu jambo hili lilinigusa zaidi kuliko wenzangu. Kwetu hakukuwa na fomu za shughuli. Kulikuwa na zamu za usafi, kulikuwa na kuchota maji kabla ya paredi, kulikuwa na shamba la mahindi lililorithiwa kutoka enzi za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na kwa wenye miguu kulikuwa na ndoto ya kwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kuuwakilisha mkoa. Sina haja ya kuipamba hali hiyo. Fimbo ilikuwepo, na shamba mara nyingi lilikuwa adhabu kuliko somo. Hata hivyo mpishi wetu tulimjua kwa jina, pamoja na jina la mkewe na la timu aliyoishabikia, kwa sababu kuni zake tulizibeba sisi. Katika shule ya kimataifa mtoto huacha sahani mezani na kuikuta kesho yake imeng'aa, na hakuna katika mpangilio wa siku yake kitu kinachomlazimu kujua imefikaje huko. Watoto wale hawana dharau, naomba nieleweke. Huwaita walimu Bwana Fulani na Bibi Fulani, na huwaita wafanyakazi Babu, Mama, Dada na Kaka, na mgeni anayesikia hayo husifu jinsi walivyoshika adabu za nchi. Nami nilikuwa nikisifu. Kumbe jina la undugu lilikuwa pazia. Tulijua kumwita kila mtu na hatukuwa tunamjua hata mmoja.

Walimu na wazazi wa shule hizi wakitaka kuonesha maisha ya jumuiya yao, hukuonesha Siku ya Mataifa, ambayo kwa kawaida huangukia karibu na tarehe 24 Oktoba, Siku ya Umoja wa Mataifa. Bendera hupita uwanjani, watoto huvaa mavazi ya kwao, na kila nchi huweka meza yake ya chakula. Ni siku nzuri na foleni ya meza ya Wahindi haijawahi kwisha tangu nianze kuhudhuria. Lakini mwaka mmoja niliikuta meza ya Tanzania ikiwa na pilau, maandazi na mishikaki iliyopikwa na jiko la shule, ikigawiwa na wapishi walewale wa kila siku wakiwa wamevalishwa vitenge, kwa sababu wazazi Watanzania walikuwa wamejigawa kwenye kamati nyingine. Wenyeji walikuwa wageni rasmi, na wapishi walikuwa wapishi. Nilikula pilau, nikaondoka mapema.

Upande wa huduma nao ulikuwa na mizengwe yake. Tulikuwa na shule rafiki, shule ya msingi ya serikali isiyo mbali nasi, na kila Jumatano wanafunzi wetu walikwenda kusoma vitabu vya Kiingereza na watoto wa darasa la saba. Mwaka wetu wa masomo huanza Agosti kwa kuwa tunafuata kalenda ya kaskazini ya dunia, kwa hiyo vijana wetu, wakiwa na ari mpya na fulana mpya, walikuwa wakifika pale Agosti na kuwatoa darasani watoto waliobakiwa na wiki chache tu kabla ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao hufanyika Septemba. Mwalimu mkuu wa pale hakusema kitu kwa miaka miwili. Kila Jumatano watoto walipangwa mstari na kutuimbia wimbo wa kuwakaribisha wageni, na sisi tuliupigia makofi. Ilibidi mwanafunzi mmoja wa kike, Mtanzania, amwamkie mwalimu mkuu vizuri, akae kitako, azungumze kwanza habari za nyumbani kama inavyopasa, ndipo aulize kama siku ile inawafaa. Mama yule akasema taratibu kwamba Januari ingewafaa zaidi, na darasa la tano kuliko la saba. Tukahamia Januari na darasa la tano. Wimbo uliendelea hadi Machi hivi, kisha siku moja hatukuimbiwa. Mlango wa darasa ulikuwa wazi na watoto hawakunyanyua hata vichwa. Niliwaambia vijana wangu waandike siku hiyo katika kumbukumbu zao.

Safari za nje ya nchi nazipita haraka, si kwa kuwa hazina maana. Baraza la kuigiza Umoja wa Mataifa linalofanyika katika ofisi za Umoja huo pale Gigiri, Nairobi, ni la fahari, na mtoto anayekaa katika kiti cha mjumbe halisi na kutetea msimamo wa nchi ambayo hajawahi kuiona hujifunza kusoma nyaraka kwa makini. Usafi wa ufukwe wa Coco nao una faida zake. Marafiki zangu walioanza zamani wanasema tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 gunia la takataka limebadilika, sasa ni chupa na vifuniko. Hayo yote yana picha nzuri. Bao halikuwa na picha nzuri, ila migongo ya watu walioinama.

Baada ya semina, klabu iliandikishwa rasmi, Jumanne na Alhamisi saa tisa na nusu alasiri, chini ya mkungu uleule, kwa maana Babu alikataa katakata kuhamia darasani. Hoja yake ilikuwa kwamba bao linahitaji watu wanaopita. Watano wa mwanzo walifika 14 kabla ya muhula kwisha. Nilichokitarajia ni kwamba wangejifunza mchezo, na sikutarajia kitakachowapata Watanzania. Tunao watoto wengi wa Kitanzania ambao Kiswahili chao kimebaki cha kuagizia chakula; nyumbani ni Kiingereza, darasani ni Kiingereza, na mbele yangu darasani wanaona haya, kwa sababu wanajua kwamba wanapaswa kujua. Pale kwenye ndoo zilizopinduliwa hapakuwa na alama. Palikuwa na Babu aliyesema "namua" na "usilale, safiri", na mtu aliyeshindwa kuelewa aliliwa. Binti mmoja, baba yake wa Tanga na mama wa Bukoba, aliniambia kwamba mtu wa kwanza kumsahihisha Kiswahili bila kumcheka alikuwa Babu, na wa pili alikuwa yule kijana wa Kikorea na Kiholanzi, jambo ambalo lilimuuma kuliko yote.

Kwa wasichana palikuwa na kazi nyingine. Kijiwe cha bao pwani ni cha wanaume, kila mtu anajua, na madereva wawili waliona aibu kucheza mbele ya mabinti, wakaanza kujiondoa mmoja mmoja kila walipofika. Babu hakutoa hotuba. Alimkalisha binti yule wa Tanga mbele ya dereva wa basi namba tatu, akamnong'oneza sikioni kwa mchezo mzima, na dereva akashindwa. Kuanzia wiki iliyofuata madereva walirudi, nadhani kwa kulipiza kisasi.

Maoni ya msimamizi niliyaandika mimi kama tulivyokubaliana. Nilikuwa nimezoea maoni ya makocha wetu wa kuogelea na wa mpira wa kikapu, ambayo kwa miaka yote yalifanana, ya kwamba mwanafunzi ameonesha ari na ushirikiano. Babu alifikiri kwa muda mrefu kabla ya kila jina. Kuhusu kijana wangu alisema kwamba ana macho mazuri ila ana haraka ya kula, na mtu mwenye haraka ya kula huisahau nyumba yake. Kuhusu mwingine, mtoto wa mwanadiplomasia aliyehamia kwetu akitoka nchi ya tatu katika miaka mitano, alisema kwamba hachezi mchezo mrefu, kila mara anatafuta kumaliza mapema. Niliyaandika neno kwa neno, nikatafsiri chini yake kwa ajili ya mfumo wa kompyuta, na mwalimu mshauri wa wanafunzi akaja kuniuliza ni nani aliyemchunguza mtoto yule kwa undani namna ile.

Maana hilo la kuondoka ndilo ugonjwa wa shule hizi. Mwanasosholojia wa Marekani Ruth Hill Useem aliwaita watoto hawa watoto wa utamaduni wa tatu, waliokulia kati ya utamaduni wa wazazi na ule wa nchi wanayoishi bila kuwa wa mmoja kamili, na yeyote aliyefundisha miongoni mwao anajua mwezi wa Juni ulivyo. Mikataba ya wazazi huisha, robo ya darasa huaga, walimu nao huaga, machozi, fulana zilizosainiwa, kisha Agosti sura mpya. Hata Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, inatukuta tumefunga na wenyewe wametawanyika. Katika mzunguko huo wasiohama ni wale ambao hawamo katika kitabu cha picha cha mwaka. Mama wa jikoni aliwahi kuniambia kwamba mwanafunzi mmoja wa zamani alirudi na mkewe kuionesha shule, akazunguka ofisi zote bila kupata mtu aliyemkumbuka, mpaka alipofika jikoni, naye akamwita kwa jina na kumwuliza kama bado hali vitunguu.

Suala la malipo nililipigania na kushindwa nusu. Kocha wa nje hulipwa kwa kila kipindi, na sikuona sababu ya bao kuwa bure eti kwa kuwa mwalimu wake amevaa sare ya ulinzi. Shule ilisema haiwezi kumlipa mwajiriwa wa kampuni nyingine, kampuni ikasema mkataba wake hauruhusu kazi ya pili, na mwishowe ilipatikana njia ya kumpa posho ya nauli, fedha kidogo kuliko anayolipwa kijana anayefundisha tenisi. Babu aliipokea bila neno. Mwaka uliofuata, mwezi Februari, kampuni ilimhamishia kwenye ghala moja Vingunguti, kama kampuni za ulinzi zinavyofanya, bila kutuambia. Tulifika Jumanne tukakuta ndoo yake imekaliwa na mlinzi mwingine, kijana wa Singida asiyejua bao. Wanafunzi waliandika barua kwa kampuni, kwa Kiswahili, wakiitia saini wote 14, na sikuwasahihisha makosa yao ya ngeli kwa sababu niliona yana haki ya kwenda jinsi yalivyo. Haikujibiwa.

Klabu haikufa. Binti wa Tanga aliichukua, dereva wa basi namba tatu akawa msimamizi, na kijana wa Singida sasa anafundishwa na watoto wa miaka 12. Kijana wangu alimaliza Diploma na yuko Rotterdam, mwaka wa pili wa chuo. Jina la Babu ninalijua, namba yake ninayo, na mara moja kwa mwezi ninampigia.

Juma lililopita nilipokea barua pepe ndefu kutoka Rotterdam. Kijana amechonga ubao wake mwenyewe, anatumia maharage badala ya komwe, na amempata Mkongomani wa Lubumbashi anayecheza naye, ingawa wanabishana juu ya kanuni kila wiki. Alitaka nimwulize Babu swali: amekula, kete yake ya mwisho imeangukia nyumbani kwake, je, alale au asafiri? Nilimpigia Babu jioni ileile, akiwa anaingia zamu ya usiku, na nikamsomea. Alinyamaza kidogo, nikasikia malori nyuma yake. Kisha akauliza nyumba ina kete ngapi, na mwenzake mkononi amebakiwa na ngapi. Kijana alikuwa hajaandika. Nimemrudishia barua kumwuliza.